Boriti ya Tatu Kutoka Dirishani

Zuhura mwanangu,

Habari za soksi, dawa ya kifua na namba za watu wa kwetu walioko Uingereza sitaziandika. Mama yako kaziandika zote kwenye daftari lako la manjano, kurasa nne, na bado yuko jikoni anaimba huku anakumbuka nyengine. Mwangi wa chumba cha pili kaleta lile koti alilopewa alipokuwa akilinda ghala la samaki wa barafu. Anasema, "Mzee Haji, huko baridi si mchezo, msichana asije akaganda tukashindwa kumkunja." Kila mtu ana lake la kukupa. Mie nimekaa hapa mezani tangu tuliporudi kutoka sala ya Ijumaa. Wewe umekwenda mtaa wa Oud Metha kuagana na wenzako, na nataka niwe nimemaliza kabla hujarudi.

Kuandika si kazi yangu, unajua. Mkono huu umezoea mwiko na karai. Lakini nikikaa nawe uso kwa uso nitaanza mzaha, nitakwambia habari za paka wa jirani, na kesho utapanda ndege sijasema kitu. Najijua.

Naogopa, Zuhura. Nalisema mapema ili usidhani baba yako analialia tu kwa sababu unaondoka. Naiogopa nyumba ile unayokwenda. Ndani ya ukuta wa chumba cha vitabu kuna kitu nilikiweka kwa mikono yangu, nikakifunika vizuri, na kwa miaka kumi, mpaka juzi, sikumwambia mtu.

Jumanne ulipokuja mbio na simu ukatusomea ile barua ya wenye nyumba, ukafika pale wanaposema wanagenzi wote sita mtakuwa mnakutana kila asubuhi chumba cha vitabu, chini ya dari ya maua. Ukapiga kelele, "Baba! Si ndiyo dari yako hiyo?" Chai ikanimwagikia mapajani. Mama yako akacheka, akasema uzee umeanza. Ukacheka na wewe. Na mie nikacheka, na tangu hapo sijalala usingizi wa maana.

Hadithi unayoijua ni kwamba Sir alirithi nyumba ya ami yake kule Uingereza, akanichukua mimi, fundi wa matengenezo wa jumba lake la hapa Dubai, niende nikamsaidie miezi miwili, kwa kuwa mimi mtoto wa Mji Mkongwe najua chokaa. Hiyo ni kweli. Na kwamba niliitengeneza dari mpaka Waingereza wakanipigia makofi. Hiyo nayo, Mungu anisamehe, ni kweli.

Picha umeziona, lakini picha hazikwambii. Unakwenda kwa njia ndefu ya miti, nyumba huioni, huioni, ghafla iko mbele yako. Upande wa mbele ni matofali mekundu membamba, kona zake za mawe ya rangi ya siagi, na dohani ndefu zilizosokotwa, kila moja kwa namna yake. Upande wa nyuma wajukuu wakaja wakaongeza ubawa wa mawe matupu, madirisha yamepangwa sawasawa, kulia matano na kushoto matano. Pale ambapo ndani hapakuhitaji dirisha, wamechonga la uongo ukutani, fremu kamili, nyuma yake tofali. Nilicheka sana. Nikamuuliza Sir, dirisha lisiloona la nini? Akanambia ili nyumba ipendeze ukiitazama kutoka bustanini.

Kilichonishinda ni upana wa vyumba. Kwetu unajua chumba ni kirefu na chembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali, na chumba kinafuata mti. Kule mwaloni mmoja unavuka kutoka ukuta hadi ukuta, mnene kuliko mie. Chumba cha vitabu, ambacho kwetu kingetoa sebule tatu, kimebebwa na boriti nne tu, zote zimevikwa lipu na juu ya lipu maua, majani na ndege wadogo. Lakini kuta zilikuwa ndugu zetu. Mawe na chokaa, nene, baridi, ukiweka kiganja unausikia unyevu wake. Nilipochomoa kipande cha lipu nikakuta ndani mmechanganywa nywele za farasi ili ishikane. Nikainusa. Ilikuwa harufu ya kanzu ya babu yako akirudi kutoka kazini.

Nyumba ile imeandikwa katika orodha ya serikali yao. Huruhusiwi kubadilisha hata kitasa bila kibali, na ukibadilisha kwa siri ni kesi. Kila Alhamisi alikuja mkaguzi wa majumba ya kale, bibi mmoja mfupi mwenye mvi, anatembea na tochi na nyundo ndogo ya mbao. Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi kwangu.

Sasa sikiliza.

Wiki ya tano nilikuwa juu ya jukwaa naziba nyufa ndogo karibu na dirisha kubwa. Ukisimama na mgongo dirishani ukahesabu boriti, ile ya tatu, mwisho wake wa upande wa kushoto, pale inapoingia ukutani. Lipu ilikuwa laini. Nikaichokonoa kidogo kwa bisibisi. Bisibisi ikazama, Zuhura. Ikazama yote, mpaka mpini, bila nguvu, na nilipoitoa ikatoka na unga wa kahawia uliolowa. Kichwa cha boriti kilikuwa kimeoza ndani ya ukuta. Maji yalikuwa yakiingia kwa nje miaka mingi, na mti mzima ule, pamoja na dari yake na maua yake, ulikuwa umekaa juu ya takataka.

Nilikaa pale juu na bisibisi mkononi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, na Alhamisi haikuwa mbali. Nilichotakiwa kufanya ni kushuka, kumwambia Sir, Sir amwambie bibi mkaguzi. Lakini binti wa Sir alikuwa anaolewa mle ndani baada ya wiki mbili, mahema yameshaagizwa. Mkaguzi angefunga chumba, pengine nyumba nzima. Na Sir alikuwa ameniahidi kwamba tukirudi Dubai atanipandisha cheo na kutia saini karatasi zenu, wewe na mama yako mje mkae nami. Alikuwa hajatia bado. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Jumapili ile mama yako alikuwa kanambia kwenye simu kwamba umeulizwa chuoni, kwa mwalimu wa Qurani, baba yako yukoje, ukasema ana sauti nzuri. Sauti tu, ndicho ulichokuwa nacho.

Nikawaza, nikisema, harusi imeharibika. Harusi ikiharibika, Sir kakasirika. Sir akikasirika, nani atakumbuka karatasi za mtoto wa fundi? Hakuna aliyenitisha. Nilijitisha mwenyewe, peke yangu, juu ya mbao.

Wengine walipokwenda kula mchana nikachanganya saruji. Kulikuwa na mfuko bandani wa kujengea banda la kuku. Nikaisindilia mle shimoni ngumi kwa ngumi, nikaisawazisha, nikapiga lipu juu, nikachonga upya jani lililokuwa limevunjika, na siku mbili zilizofuata nikapaka mara tatu chokaa niliyoitia chembe ya udongo ili ifanane na ya zamani. Ilipendeza. Wallahi, kazi nzuri kuliko ile sijapata kuifanya. Nilidhani uoga ni mtu kukimbia au kutetemeka. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo siku ile.

Bibi mkaguzi alipita na tochi yake. Akasimama chini ya boriti ya tatu, akanitazama, akaniuliza, "Haji, umeona chochote hapa cha kunitia wasiwasi?" Nikamwambia, "Hakuna tabu, madam. Nyufa tu, khalas, zimekwisha." Akasema ahsante. Akanambia ni bahati kumpata fundi anayeijua chokaa.

Usije ukanitetea kwamba sikujua. Hilo ndilo nisilotaka ulifanye, na najua utataka, maana una huruma ya mama yako. Nilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa katika nyumba ile. Nilipokuwa na umri wako huu nilimchoka babu yako na chokaa yake. Unaizamisha shimoni miezi, unaikoroga, ukishaipaka unailowesha na kuifunika magunia kama mgonjwa wa homa. Mie nilitaka saruji, inakauka leo leo, unakwenda zako mpirani. Siku moja babu yako hayupo nikaziba ukuta wa jirani kwa saruji, kisha nikazunguka mtaa mzima najisifu. Masika yalipokuja maji yakaingia kwa juu, yakakosa pa kutokea. Ukuta ukavimba, ukamwagika wote uchochoroni alfajiri moja, kabla kidogo ya watoto kupita kwenda chuoni. Babu yako hakunipiga, na alikuwa mtu wa kupiga. Alinipa karai, akanambia niokote mpaka punje ya mwisho. Kisha akasema, "Ukuta unapumua, we Haji. Wewe umeuziba pua." Hakusema nami tena mpaka mfungo.

Kwa hiyo nilipokuwa naisindilia ile saruji kule kwa Waingereza nilijua barabara ninachokifanya. Saruji haishiki mti uliooza. Inafungia maji ndani, na mti uliobaki mzima nao unaoza pole pole, kimya, na kwa nje hapaonekani kitu mpaka siku yenyewe.

Harusi ilifana. Tulirudi. Sir alitimiza ahadi, akatia saini. Mkaja. Ulitoka pale uwanja wa ndege na viatu vya manjano, unaburuta begi kubwa kuliko wewe, ukaniangalia kwanza kama mgeni, kisha ukakimbia. Nilikubeba, Zuhura, nikalia mbele za watu, na katikati ya furaha ile nikaisikia ile bisibisi inavyozama. Tangu siku ile kila furaha yangu juu yako ina hilo ndani yake. Ulipofaulu, lilikuwamo. Eid zote, lilikuwamo.

Na kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Nilikuacha uipende. Ulikuwa ukiniomba usiku, "Baba, nihadithie nyumba ya dohani zilizosokotwa," nami nikakuhadithia, nikaongeza chumvi, nikakuchorea ndege wa dari nyuma ya kalenda. Ukakua unachora majumba. Wenzako wa mtaa wa Al Muraqqabat wanasoma biashara na hoteli, wewe unataka kujua kwa nini ukuta wa mawe unatoa jasho. Sir alipoikabidhi nyumba kwa jumuiya ya kuhifadhi majumba ya kale, na wao wakaanza kufundisha vijana, alikuandikia barua ya kukuombea nafasi, na wewe ukawaandikia kwamba unataka kufanya kazi mahali alipofanya baba yako. Uliniletea niisome kwanza. Nikaisoma. Nikakwambia iko sawa.

Kwa kila mwaka uliopita nilijipa sababu. Sir atauza. Watagundua wenyewe. Imesimama mpaka leo, labda nilikosea, labda ule mti ulikuwa na roho ngumu. Mtu akishanyamaza mwaka wa kwanza, mwaka wa pili anaona aibu ya kueleza kwa nini alinyamaza wa kwanza. Sikuambii haya kukufundisha. Nakwambia ndivyo ilivyokuwa.

Jumatano nilikwenda ofisini kwa Sir, sikuwaambia kweli, nilisema nakwenda kupima macho. Nikamwambia yote, nimesimama, kofia mkononi. Aliinuka. Kisha akafunga mlango akasema, "Haji, miaka kumi imesimama. Iache. Wakijua watatafuta wa kumshtaki, na kabla ya hapo watamrudisha msichana nyumbani. Fikiria binti yako." Alisema kwa upole, na sidhani alikuwa anajifikiria yeye peke yake. Nikatoka nimetua. Njia nzima nikajiambia, sawa, Sir mtu mkubwa, anajua. Kwa siku moja nzima nilikuwa mzima, nikala, nikamtania mama yako.

Jana ukaivaa ile kofia ngumu ya kazi uliyoinunua, ya rangi ya chungwa. Ukasimama mbele ya kioo, ukajigonga kichwani kwa vidole, ko ko ko, ukasema, "Baba, hata dari ikianguka mie hodari." Mama yako akasema, "Astaghfirullah, toa maneno hayo."

Mie najua uzito wa dari ile. Niliibeba vipande vipande. Ile kofia ni ganda la yai.

Nilianza barua hii nikiwa na hila moja. Nilitaka niifiche ndani ya sanduku, katikati ya kanga za mama yako, uikute ukishafika. Ndani yake nikuelekeze boriti ya tatu, nikwambie usikae chini yake, halafu wewe uamue kusema au kutosema. Nilipofika kuandika habari ya bibi mkaguzi kalamu ikanigomea. Khaa! Nilikuwa naifanya tena. Nilikuwa nakutuma wewe, mtoto wa miaka kumi na tisa, mgeni, wiki ya kwanza, ukasimame mbele ya watu useme jambo ambalo mwanamume mzima alishindwa. Na wenzako watano wasiojua kuhesabu boriti je? Nao wana baba zao.

Basi nikaenda kumgongea Mwangi. Nikamweleza. Mwangi hakunicheka wala hakunihurumia, alivuta kiti akaandika kwa Kiingereza kwenye simu yake, mie nikisema, kwenda kwa wenye nyumba. Chumba gani, boriti ipi, upande gani, nilitia nini, mwaka gani, na kwamba Sir hakujua siku ile, nilifanya peke yangu. Jina langu kamili chini. Alipomaliza akanitazama. "Mzee, una hakika? Nikibonyeza hapa haina rivasi. Na mtoi wako kesho anasafiri."

Nikamwambia bonyeza. Hakubonyeza. Akaniambia nibonyeze mwenyewe. Nikabonyeza.

Kule kwao ilikuwa bado asubuhi, na Ijumaa kwao ni siku ya kazi. Nimerudi nikaendelea kuandika hapa, na mkono ambao haukutetemeka kule juu ya jukwaa sasa tazama mwandiko wake. Huenda nimekuvunjia safari yako. Huenda umenunua koti na kofia na kuaga mji mzima, na kesho hakuna pa kwenda, na sababu ni baba yako uliyemsifu katika barua. Utanichukia. Labda utakuwa na haki. Naogopa hilo kuliko kesi yao, kuliko Sir kunifukuza, maana kesi ina mwisho.

Nilitaka kuishia hapo. Mwangi kagonga sasa hivi. Wamejibu.

Kanisomea mara mbili, nami nikamwomba aninakilie. Wanasema wamekifunga chumba cha vitabu saa hii hii na kumtoa kila mtu. Wameagiza nguzo za chuma za kuishikilia dari, na wanasubiri mhandisi. Wanasema watahitaji kunihoji. Na mwisho mstari mmoja: mwambie binti yako atupigie simu leo, kabla hajasafiri.

Basi. Hawakusema njoo, hawakusema usije. Nimemuuliza Mwangi sauti ya mstari ule ikoje kwa Kiingereza, ya hasira au ya kawaida. Kasema, "Ya kawaida, mzee. Lakini hao watu hata hasira yao ni ya kawaida." Namba yao nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Chumba kimefungwa, Zuhura. Hakuna mtu chini yake. Nimelia mpaka mama yako kaja kusimama mlangoni na mwiko wa kupikia. Nimemwambia asubiri, wewe usome kwanza kisha yeye. Karudi jikoni. Sijamsikia akiimba tena.

Wakikukubali, nenda. Ukifika omba wakuoneshe shimo langu litakapofunguliwa. Utaona mti umefika wapi. Uangalie vizuri, uangalie kama fundi, usiangalie kama mtoto wangu. Wakikukataa, mie ndiye nitakayefungua sanduku na kurudisha kila nguo mahali pake, na sitakuomba uzungumze nami.

Lifti imesimama chini, nasikia mnavyocheka na yule msichana wa ghorofa ya pili. Barua hii siifichi popote. Nitakupa mkononi, na nitakaa kwenye kiti hiki hiki, mbele yako, mpaka uimalize. Simu iko mezani, nimeitia chaji.

Baba yako,
Haji